Shaba Uliyoizika Chini ya Dirisha la Jikoni

Mwaka umetimia wiki hii, Baba Katongo, tangu asubuhi ile ya Oktoba kikohozi chako kilipokoma, nami nikajua kabla muuguzi hajafungua kinywa. Tunakuandikia kutoka nyumba yako ile ile ya Kantanshi, hapa Mufulira. Anayeshika kalamu ni mimi, mkeo Esnart, kwa ruhusa ya watoto.

Ulishuka mgodini kuchimba shaba miaka thelathini na moja, na hatukukusikia hata siku moja ukisema unaogopa. Kila alfajiri nilikuwa naogopa kwa niaba yako. Ulipostaafu, ukiwa na miaka hamsini na saba, uliniambia, "Mama Katongo, jiandae, tunaanza shule." Nikatafuta Biblia yangu nikidhani ni mafundisho ya wazee wa kanisa. Kumbe ni darasa la gitaa, Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, na mwalimu mwenyewe, Chisala, ni mdogo kuliko kitinda mimba wetu.

Tuliketi benchi moja na gitaa moja kavu, lisilo la umeme, tukipokezana. Vidole vyako vilikuwa vinene, kimoja kinakanyaga nyuzi mbili. Mwalimu alikuwa anacheka.

"Mzee Kapembwa, hilo si jiwe la mgodini. Usilipasue, libembeleze."

"Mwalimu," ukamjibu, "mwamba wa Mufulira haujawahi kubembelezwa na mtu, na shaba ilitoka."

Kila usiku kabla ya kulala tuliomba, wewe kwa maneno machache, mimi kwa mengi. Uliombea ncha za vidole vyangu ziote sugu upesi. Zikaota.

Mwaka wa tatu ukaleta gitaa la umeme, jekundu, kutoka kwa bendi iliyovunjika Kitwe. Nililiogopa tangu lilipovuka mlango. Siku ya kwanza ukumbini ulilipiga kwa nguvu ile ile ya gitaa kavu, umesimama ukilisogeza karibu na spika, nalo likapiga yowe ambalo kina mama wa kwaya bado wanalisimulia. Mama shemasi alitoka mbio na kiatu kimoja. Uliinama ukacheka mpaka ukakohoa.

Lakini siku ya pili hukucheka. Ulishika nyuzi, ukasogeza mdomo kwenye kipaza sauti ili uimbe, na umeme ukakupiga kwenye midomo. Ulirudi nyuma ukakaa sakafuni. Nilikuona macho. Ulikuwa umeogopa, Baba Katongo. Mimi nilifikiri sasa litarudishwa Kitwe. Wewe ukaenda kutafuta shaba.

Uligundua kwamba ukumbi hauna waya wa kwenda ardhini. Ukazika nondo ya shaba nje ya ukuta, ukaiunganisha, ukamwagia maji ya chumvi. Nyumbani ukazika nyingine chini ya dirisha la jikoni, kando ya maboga yangu. "Nimetumia maisha yangu kuitoa chini," ulisema ukijifuta jasho, "hii moja nairudisha." Ukaniagiza niimwagilie kila kiangazi, kwa sababu udongo mkavu haumezi umeme. Na ukanifundisha kugusa nyuzi kwanza kwa mgongo wa mkono. "Mkono ukishtuka hujikunja. Ukigusa kwa kiganja, utaling'ang'ania. Kwa mgongo, utaachia."

Nilijifunza yote hayo kwa maneno tu. Gitaa lako sikuligusa. Nilibaki na kavu langu.

Kisha mapafu yako yakakataa. Wiki ya mwisho ulinishika kanga ukasema, "Usiliache linyamaze." Nikasema nimesikia. Mungu anajua niliitikia kwa sababu ya kukutuliza.

Baada ya maziko dada yako mkubwa, wifi Mwelwa, alisimama sebuleni akalitazama gitaa lako ukutani. Kwetu vitu vya marehemu hufuata ukoo wa mama yake, na mrithi wako ni mwana wa wifi, Mubanga. Alikuwa na haki ya kulibeba siku ile ile. Hakulibeba.

"Wifi, nakupa mwaka," alisema. "Chombo ni cha anayekitumia. Nikirudi nikakuta linaning'inia kama ngozi ya mbuzi, Mubanga analichukua."

"Nitalipiga," nikasema.

"Wewe? Unayeogopa hata pasi ya nguo!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Mwaka mzima, mume wangu, niliogopa. Niliendelea na darasa peke yangu, benchi lile lile, upande wako ukiwa mtupu. Mwalimu Chisala aliniambia vidole viko tayari, tatizo ni waya. Nikirudi nyumbani nilichukua plagi, nikaiangalia, nikairudisha. Nilikuwa naomba umeme ukatike, na ulipokatika nilimshukuru Mungu, kisha nikaona aibu kwa shukrani ya namna hiyo. Jambo moja tu nililifanya bila kukosa: niliimwagilia shaba yako. Tangu Agosti, ardhi ilipopasuka, ndoo moja kila jioni, kabla ya maboga. Sikujua naimwagilia kwa ajili ya nini.

Alhamisi iliyopita wifi Mwelwa alikuja na Mubanga, na Mubanga alikuwa na mfuko wa kubebea. Akaketi kwenye kiti chako.

"Haya, wifi. Mwaka umefika."

Nilikwenda kwanza nje, chini ya dirisha la jikoni. Nikamwaga ndoo mbili badala ya moja. Nikasema sala fupi kuliko zote nilizowahi kusema: Bwana, nishike. Nikalitoa gitaa ukutani, nikachomeka.

Spika ikaanza kuvuma. Mvumo mnene, usiokoma, kama kifua chako usiku ule wa mwisho. Wifi alijivuta nyuma ya kiti.

"Zima, Esnart! Zima, tusije tukazika wawili!"

Nikageuza mkono. Nikagusa nyuzi kwa mgongo wake.

Ule mvumo ukanyamaza. Haukupungua kidogo kidogo. Ulinyamaza papo hapo.

"Umeliua?" wifi akauliza kwa sauti ndogo.

Hukuwahi kuniambia hili, au uliniambia nikiwa sisikilizi. Nikaondoa mkono, likavuma. Nikaurudisha, likatulia. Nilifanya hivyo mara nne, machozi yakinidondoka, nikakumbuka kwamba usiku ule nilikuwa nimeogopa kukuwekea mkono kifuani nisije nikakuumiza. Unisamehe.

Kisha nikapiga wimbo uliopenda kufungia ibada. Nilikosea mahali pawili. Nilipomaliza, Mubanga alikuwa ameshaukunja mfuko wake bila kuambiwa.

"Mahali pa pili hata mdogo wangu marehemu alikuwa anakosea," wifi akasema. Akainuka, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Liache ukutani. Ila msumari ni mdogo, weka mkubwa."

Jumapili hii, saa nne asubuhi, tutakuwa kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa kwa ibada ya kukukumbuka, na gitaa lako litapigwa. Wote waliokufahamu, wa mgodini, wa kwaya na wa darasa la jioni, mnakaribishwa. Baadaye kutakuwa na chakula nyumbani. Bado naogopa, Baba Katongo, sitakudanganya mbele ya watu. Ukumbini nimemtuma Mubanga tangu jana kuimwagilia shaba yako.

Unakumbukwa na mkeo Esnart; wanao Katongo, Besa na Kasonde; wajukuu zako saba; dada yako Mwelwa; mpwa na mrithi wako Mubanga; na Mwalimu Chisala, aliyeomba atajwe pamoja na familia.

Hatutakusahau kamwe, umeme uwepo usiwepo.