Nlimwombea Akose

Jumatatu, 8 Septemba
Nshasali Alfajiri, nshakunywa chai. Mechi ya jana nimeirikodi. Za Marekani zinachezwa wakati wa kulala kwetu, na mimi kukesha siwezi tena. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla sijatoka kwenda wizarani, mimi na Prossy, mfanyakazi wangu wa nyumbani, tunakaa mbele ya televisheni.
Timu ya mwanangu imefungwa. Mechi ya kwanza ya msimu, wamefungwa vibaya. Nasor kapiga mara mbili, zote zimeingia. Mwanangu hakukosea. Waliokosea wenziwe.
Foleni kutoka kwetu Al Khoudh mpaka wizarani Al Khuwair. Nimechelewa kazini.

Jumatatu, 29 Septemba
Ya nne. Imepotea nayo.
Ofisini wananiuliza mpira gani huo unaoshikwa kwa mikono. Nimechoka kueleza. Wanaume wakubwa wenye kofia ngumu wanagongana. Wakishindwa kusonga mbele, anaitwa mwanangu, mwembamba, jezi safi. Yeye kazi yake kuupiga kwa mguu upite baina ya milingoti miwili. Ukipita, pointi tatu. Basi.
Alikwenda kusoma uhandisi. Chuoni wakaona anavyopiga mpira. Hajarudi.
Mara ya mwisho alikuja kwenye khitma ya baba yake. Siku nne. Miaka mitatu sasa. Prossy aliingia nyumba hii mwezi ule ule, kutoka Uganda, hajui hata neno moja la Kiarabu. Kiswahili chake cha bara, tukaelewana.

Jumapili, 19 Oktoba
Nasor kapiga simu kabla ya mechi. Sauti imepungua. Anasema watu uwanjani wanajivika mifuko ya karatasi kichwani, wanaona haya kuonekana wanaishangilia timu hii. Kwenye kituo cha petroli mtu kamtukana.
Akasema wakiendelea hivi, yeye wataweza kumwacha. Mpigaji ni wa mwanzo kuachwa.
Nikajibu inshaallah kheri. Lakini moyo wangu uliruka. Wakimwacha, atarudi. Nimeandika ili nisijidanganye: moyo uliruka.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimefungua chumba chake. Nimebadilisha shuka, nimefuta vumbi kwenye kabati. Nimempimia pazia jipya. Hakuna aliyesema anakuja.
Jioni Prossy kaja jikoni kaniambia mkataba wake umekwisha mwezi huu, anaomba kwenda kwao Masaka. Ana binti wa miaka saba. Nikamwambia asubiri Januari, msimu ukimalizika. Kasema sawa, Madam.
Hakuna sababu ya kusubiri. Sitaki kuziangalia mechi peke yangu. Hiyo ndiyo sababu.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimeufunga mlango wa chumba, naandika.
Wameshapoteza zote mpaka leo. Asubuhi nimeangalia kama kawaida, simu nimeizima nisije nikapata matokeo. Sekunde zimebaki tatu. Wako nyuma kwa pointi mbili. Kaitwa Nasor. Yadi arubaini na mbili, si mbali kwake, nimemwona akipiga za mbali zaidi ya hiyo. Ikiingia, ushindi wa kwanza wa msimu mzima.
Kasogea nyuma hatua zake. Kaangalia chini. Ndipo nlipoomba. Kwa ulimi wangu, kimyakimya, na Prossy yuko ubavuni: Ya Rabbi, akose.
Mpira ukaenda kushoto.
Prossy kajifunika uso. Mimi sikutikisika. Mechi ilikuwa imekwisha zamani, wachezaji wameshakwenda majumbani kwao. Dua yangu haikubadilisha kitu. Najua. Lakini niliiomba.

Jumanne, 18 Novemba
Hapokei simu. Nimesoma mtandaoni wanavyomwandika. Wanamwambia arudi alikotoka. Hayo ndiyo niliyoyataka mimi, kwa maneno mengine.
Nimeondoka kazini mapema. Nimewaambia kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 22 Novemba
Bado hapokei. Nimempelekea ujumbe mara sita.
Nimeshindwa kukaa nalo. Prossy alikuwa anachambua mchele, nikakaa naye nikamwambia nlichoomba. Nlidhani atanituliza. Hakunituliza. Aliendelea na mchele wake kwanza.
"Madam, mimi wangu nataka afanikiwe, hata kama atanisahau," akasema. "Wiki iliyopita kwenye simu ameniita shangazi."
Kaenda kuosha mchele.

Jumatano, 26 Novemba
Wamemwacha. Kapiga simu Adhuhuri iko karibu, nikatoka nje nikaingia kwenye gari, joto limejaa ndani. Anazungumza kama anasoma khabari za mtu mwengine. Mkufunzi kamwita, kamshukuru, kampa mkono. Dakika mbili.
Nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena.
"Nasor, ule mpira nlikuombea ukose. Nlitaka urudi."
Nikashusha kioo cha gari.
"Na mimi, Mama," akasema. "Nlipokuwa nausogelea nlisema bora ukose, yaishe."
Tukalia wote wawili, kila mtu upande wake wa dunia.
Halafu nikamwuliza anakuja lini. Haji. Kuna timu nyengine, mji wa baridi, wanataka kumjaribu. Ana nafasi moja tu.
"Nikija sasa, ntakuja na ule mpira," akasema. "Sitaki kukaa nao katika nyumba yako."
Nlikuwa na maneno mengi ya kumzuia. Mengine ni ya kweli. Presha yangu. Umri wangu. Nyumba hii kubwa. Sikusema hata moja. Nikamwambia nenda mwanangu, Mungu akufungulie.
Kisha nikarudi ofisini nikapiga mihuri barua mpaka saa nane mchana. Sikumbuki hata moja.

Jumapili, 30 Novemba
Nimemkatia Prossy tikiti. Anaondoka Alkhamisi.
Kaniuliza, na mechi? Nikamwambia mechi gani, Nasor hachezi tena kule. Na hata angekuwa anacheza. Nikamwomba radhi kwa kumzuia ile Oktoba. Sijazoea kuomba radhi, maneno yalitoka yamepinda.
Kakaa chini sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, tikiti mkononi. Hakulia. Aliuliza tu viatu vya mtoto wa miaka saba ni namba ngapi. Hajui mguu wake umekua kiasi gani. Mimi pia sikujua. Tukanunua jozi mbili.

Alkhamisi, 4 Disemba
Nimempeleka uwanja wa ndege. Kaniita Mama, mara ya kwanza. Kaingia bila ya kugeuka. Vizuri vile.
Nyumbani nimekaa kwenye gari muda, sikutaka kufungua mlango.

Jumatatu, 5 Januari
Nimesoma kwenye simu, ofisini, baina ya faili mbili: timu yake ile ya kwanza imemaliza msimu bila ya kushinda hata mechi moja. Kumi na saba. Sikuangalia ile ya mwisho. Nimewaonea huruma vijana wale. Kila mmoja ana mama aliyekuwa akiangalia.
Nasor wamemchukua kule kwenye baridi. Mazoezini tu kwa sasa, kucheza bado. Kanipelekea picha, theluji mpaka magotini. Mguu wake sikuuona.

Ijumaa, 16 Januari
Mvua ndogo. Nimeanua nguo mwenyewe.
Prossy kaleta ujumbe wa sauti. Siku tatu za mwanzo mtoto alikuwa anamkimbia. Sasa analala naye kitanda kimoja. Prossy hajui atarudi kwangu lini. Nimemjibu asiharakishe.
Nasor kapiga simu baada ya Alfajiri, kwake ilikuwa bado jioni ya jana. Hatukuzungumza mpira. Anataka kupika wali wa nazi, kasahau unavyoanza. Nikamweleza kikombe kwa kikombe. Akaweka simu juu ya meza, kaniambia nisikate. Nikamsikia anakoroga, anafungua bomba, anakohoa. Nimekaa naye hivyo hivyo mpaka maji yakakauka.