Karatasi za Pole

Jumatatu, 3 Juni 1996
Uji, nguo za mama, mbio shuleni kufundisha. Kaharisha tena. Magoti yakimuuma anameza aspirini. Aspirini ikimchoma tumbo anatafuna magnesiamu, vidonge vya kuzima asidi. Ndiyo maisha yetu hapa Kasokola tangu tumalize mavuno.

Jumatano, 5 Juni
Hospitali, Mpanda mjini. Daktari kasikia choo ni cheusi, kakunja uso. Aspirini imechubua tumbo, damu inavuja. Na magnesiamu? Kumbe asidi ya tumbo ndiyo inayoua vijidudu vinavyoingia na maji na chakula. Ukiizima kutwa, vinapita, vinavivuruga hata vile vyema vinavyoishi utumboni. Akiendelea hivi tutamzika. Daktari alisema hivyo mbele ya mama. Vidonge vyote nimevitupa chooni.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekuta vingine chini ya mto. Hakuvinunua. Ni wageni. Zamani mtu alikuja kumpa mgonjwa pole na mayai. Siku hizi analeta vidonge, vimefungwa kwenye karatasi. Na mama anavimeza palepale, mgeni akiona.
"Mtu katoka Magamba kwa mguu, nimrudishie zawadi yake?"
Adabu itamuua mama yangu.

Jumamosi, 8 Juni
Shangazi Holo, dada yake marehemu baba, kaja kutoka kwake Magamba na karatasi yake. Nimeipokea mlangoni, nikaitia motoni. Nikamwambia anamuua wifi yake.
"Nyie mliosoma hamna haya." Kageuza njia bila kuketi.
Mama kalia. Si tumbo, ni aibu. Siombi radhi. Watu wazima wanagawa dawa kama njugu, halafu mkosa adabu ni mimi.

Jumatano, 12 Juni
Hakuna mgeni. Habari zimefika kote: kwa mwalimu wanafukuza watu. Wakae huko huko. Mama hasemi na mimi, ila anakula. Choo kimerudi rangi yake. Magoti nayakanda kwa maji ya moto, naye anatazama ukuta.

Jumapili, 16 Juni
Shangazi kaja. Hakunisalimu. Kaweka kibuyu cha maziwa mgando mbele ya mama, kaketi. Mama kanywa palepale, shangazi akimwangalia. Wakacheka mambo yao ya zamani.
Nimekiosha kibuyu. Chombo cha watu hakirudi kitupu, nimekijaza karanga. Kesho baada ya vipindi nitakipeleka Magamba. Kwa mguu.