Punda wa Bwana Shee Harudi Mtupu

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Kunde zako zimeliwa tena. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Unakumbuka siku ya kwanza punda wa Bwana Shee alipovunja ua wetu hapa Kililana? Mimi nilishika rungu, wewe ukashika gunia. Ukalijaza kunde, ukamfungia mgongoni, ukanituma nimrudishe.

"Mama, mwizi anapewa mzigo?"

"Chombo cha jirani hakirudi kitupu."

"Huyu si sahani, ni punda!"

"Kwani katoka kwa nani?" Halafu ukasema Yesu hakutuambia tumpende jirani asiye na punda tu.

Nilimwacha mlangoni kwake nikakimbia, unajua haya zangu. Kesho yake punda akaja peke yake na nazi mgongoni. Bwana Shee naye hakutaka kushindwa. Ikawa hivyo miaka. Yeye msikitini, sisi kanisani, punda katikati ananenepa.

Siku ya kukuzika, Bwana Shee alisimama kwenye jua mpaka mwisho. Wajomba wenyewe walikimbilia kivuli. Lakini mama, wiki mbili baadaye yule punda akaingia, akala ule mstari wa mwisho ulioupanda kwa mkono wako. Aliacha mashina tu. Nilikaa chini nikalia. Halafu nikachukua mkasi wako wa cherehani, nikamnyoa manyoya ya shingo, nikamrudisha mtupu.

Basi kukawa kimya. Punda haji. Nazi haziji. Bwana Shee akipita, anaangalia mbele. Jioni nilikuwa nakula ugali nikijisikia ninavyotafuna.

Jumapili iliyopita mchungaji akahubiri kupenda jirani. Nilijificha nyuma ya mama mmoja mnene, lakini maneno yalinipata hapohapo. Nikarudi nyumbani nikachuma kunde za upande wa pili, gunia zima, nikajitwika mgongoni. Njiani nilifanya mazoezi ya kuomba msamaha. Nilipofika mlangoni kwake yote yakapotea. Nikasimama tu, nimeinama, jasho linatiririka.

Bwana Shee akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Leo punda ni wewe?"

"Ndiyo, Bwana Shee."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Na ulimnyoa vibaya, kijana. Upande mmoja kipara, upande mmoja nywele. Punda wenziwe wamcheka." Halafu akanitua gunia yeye mwenyewe. "Mimi nilidhani mamako amekwenda na ujirani wake. Pita ndani, usisimame ndiani."

Nikapita. Nilikunywa kahawa vikombe vitatu na sikusema maneno matano, lakini hakuna aliyeyadai. Alinisimulia ulivyokuwa ukimsalimia kwa Kiamu, lahaja ya kwao, tena kibovu, naye hakukurekebisha hata siku moja, maana alikuwa anasubiri kukisikia tena. Mama, nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu uende.

Leo asubuhi punda amekuja na nazi. Nikafurahi, nikaanza kuzishusha. Nilipoinua kichwa, yeye kwa huku ananipa nazi, kwa kule anamaliza kunde zilizobaki. Na ananiangalia.

Bwana Shee nimempenda, mama. Lakini huyu punda, nipe muda.

Pumzika salama.

Mimi mwanao,
niliyebeba gunia