Wasifu Niliouandika Vibaya

Dada Estella,

Nimeufuta mstari wa kwanza mara nne. Unanijua, hata ujumbe wa simu nilikuwa nauandika kwanza kwenye karatasi. Leo sifuti tena. Nina hasira, Dada, na ninaanza na mimi mwenyewe.

Ule wasifu uliosomwa kwenye mazishi yako niliuchapa mimi.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alinipa karatasi pale ofisini, ina jina ulilopewa utotoni na maneno "kijana wetu mpendwa". Nilimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba kadi yako ya afya, mkataba wako wa nyumba na kibali chako cha ukaazi vyote vinasema Estella. Akavua miwani. "Binti, wewe ni karani. Mama yake mzazi ndiye aliyetaka hivi. Unataka kubishana na mama aliyefiwa?" Nikachapa. Barua yangu ya ajira anaisaini yeye, na bila barua hiyo maombi yangu ya kubaki Kanada hayaendi popote. Sababu ni hiyo. Si nzuri, lakini ni hiyo.

Walikuvalisha suti. Ya kijivu, ya mtu mwingine, mabega yakizidi mabega yako. Akina mama waliokuwa wakikuita "Dada Stela, njoo uonje chumvi" katika kila msiba wa mji huu, waliokula pilau yako na kuibeba kwenye vikopo kupeleka nyumbani, waliinamisha vichwa mchungaji aliposoma "kaka yetu". Jikoni ulikuwa dada. Kwenye jeneza ukawa kaka. Kati yao Mama Kulwa peke yake ndiye aliyeguna, kanisa zima likasikia: "Kaka gani huyo?" Mtu akamkanyaga mguu.

Na hakuna aliyezitaja Jumamosi zako! Hata sentensi moja. Kile chumba cha chini cha jengo lenu kule mtaa wa St. James Town, chai ya tangawizi, na wale uliowapokea baada ya kufukuzwa na ndugu zao kwa kuwa kama wewe: wanawake walioandikwa wavulana walipozaliwa, na vijana wa kiume walioandikwa wasichana. Unakumbuka kliniki, na yule mgeni kutoka Bujumbura? Wa mapokezi alimwita jina la zamani mbele ya watu wote, naye akaanza kunyanyuka. Ukamshika mkono. "Mdogo wangu, kaa. Hajakuita wewe." Tukakaa. Mimi niliyekuja kutafsiri nilitaka ardhi inimeze, wewe ukafungua mfuko wa karanga. Tulizimaliza karanga ndipo akaitwa vizuri.

Wiki tatu baada ya kukuzika, simu ya ofisi ikalia. Mama yako, kutoka Mbeya. Alikuwa ameyaangalia mazishi kwenye simu ya jirani. Aliongea taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua. "Mwanangu, mbona Estella wangu mmemzika kwa jina ambalo hata mimi nimeshaliacha? Nilimuuliza mwenyekiti, akaniambia huko Kanada sheria ndivyo inavyotaka."

Kwangu mwenyekiti alisema ni matakwa ya mama. Kwa mama alisema ni sheria ya Kanada. Alichukua uchungu wa mwanamke mzee akaufanya ngao yake, na mimi nikamshikia hiyo ngao kwa mikono yangu miwili.

Wakati huo fomu ya jiwe la kaburi ilikuwa juu ya meza yangu. Jina lile lile la utotoni, kwa mwandiko wa mwenyekiti, niipeleke Ijumaa. Nikapiga simu ofisi ya makaburi. Wakaniambia jiwe halichongwi bila saini ya ndugu wa karibu. Basi nikachukua fomu mpya, nikaandika Estella kwa herufi kubwa, nikaituma Mbeya kwenye simu ya yule jirani. Mama akaisaini, ikarudi. Ijumaa niliipeleka mwenyewe, nikasubiri mpaka wakaigonga muhuri.

Leo baada ya ibada kulikuwa na kikao cha kamati. Ningeweza kunyamaza, jiwe lilikuwa tayari salama. Lakini nilisimama. Nikaeleza alichoniambia mwenyekiti, kisha alichomwambia mama yako.

"Nani amekutuma?" mwenyekiti akauliza.

"Mama yake."

"Haya, mwenyekiti," Mama Kulwa akasema, "jibu basi, tunakusikiliza."

Mwenyekiti alikusanya karatasi zake, akasema kesho asubuhi nifike ofisini tuzungumze kuhusu kazi yangu. Wengine walitazama viatu vyao, walewale wa pilau. Naogopa, Dada. Sitakudanganya.

Pumzika sasa. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi nitaelewa. Nimeandika wasifu mwingine, mama yako amenisahihisha mwaka wa ubatizo wako na jina la shule. Jumamosi zako zimo, na kliniki imo. Siku ya kusimika jiwe nitausoma mimi, kwa sauti hii hii ndogo, na sitaruka neno. Kama kesho nitafukuzwa kazi, basi siku hiyo sitahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Mdogo wako,
Upendo