Kiraka Ulichokificha Kwenye Bunduki ya Baba Yako

Kwako Maduhu, mwanangu, fundi ambaye Bariadi nzima haijapata mwingine,

Mwangaluka, ng'wanone. Najua huko uliko barua hazifiki, lakini unanijua, mama yako hajui kunyamaza. Tangu tulipokulaza karibu na zizi, maneno yamenijaa kifuani na sina wa kumpa. Wadogo zako nikiwaanzia habari za bunduki wanasema, "Mama, ile ni mbao tu." Wewe hukuwahi kusema hivyo hata siku moja.

Unakumbuka baba yako alivyoipenda? Mitutu miwili, kitako chekundu kinachong'aa kama ngozi ya mtamba aliyenona. Mgeni akija, kabla hajapewa maji anaonyeshwa bunduki. Halafu siku ile akiwafukuza ng'ombe wa watu kwenye pamba yetu akateleza korongoni, kitako kikagonga jiwe. Kipande cha mbao kikaruka, tukakitafuta kwenye mchanga hatukukiona. Kuanzia hapo hakuna mgeni aliyeonyeshwa kitu. Baba yako alikuwa akikaa mlangoni ameiweka mapajani, kidole kinapapasa lile pengo kama mtu aliyeng'olewa jino.

Wewe ulikuwa umeshaanza useremala mjini. Ukaja na mguu wa kitanda kibovu umeufunga kwenye baiskeli, nikakucheka. Kumbe ulikuwa umezunguka kila karakana ukitafuta mbao yenye rangi ile ile. Ukachonga kipande chembamba kama ukucha, ukakigeuza na kukigeuza mpaka nyuzi zake zikaelekea zinakoelekea nyuzi za kitako. Kwenye vishimo vidogo vidogo vilivyoachwa na jiwe ukaweka kitambaa kibichi, ukapitisha pasi ya mkaa juu yake. Nikapiga kelele, "Utaunguza bunduki ya baba yako, wewe!"

Ukanijibu bila kuinua macho, "Mayu, mbao imebonyea, ina kiu. Naipa maji itainuka yenyewe."

Ikainuka. Mimi nimezaa, sikuokota.

Baba yako alipoletewa aliitoa juani, akaigeuza, akavaa miwani, akavua miwani. "Kidonda kiko wapi?"

"Tafuta, bhabha."

"Umenibadilishia bunduki! Mwizi mkubwa!" Akawa anacheka huku machozi yanamtoka, na wewe unacheka. Alipogeuka kuwaita majirani, ukanishika kidole changu hiki cha shahada, ukakibonyeza kwenye mbao. "Hapa, mayu. Usimwambie." Nikasikia kitu kidogo sana, kama uzi chini ya ngozi. Baba yako alikitafuta mpaka anakufa, na sikumwambia.

Bunduki ilipokuja kwangu, na kibali kikatoka kwa jina langu, nikawa mwanamke peke yangu kwenye foleni ya ukaguzi. Wanaume wananitazama. Wewe nyuma yangu umeibeba ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Askari kijana akauliza, "Mama, hii umeinunua lini?"

Nikamwambia, "Imekuzidi umri, mjukuu wangu. Ina kiraka hiyo. Nionyeshe kilipo nikupe jogoo." Akaikagua, akamwita mwenzake, wakashindwa. Wewe ukawa unanivuta kitenge, "Mayu, inatosha, watu wanatusikia." Wasikie! Mwenye fundi kama wewe atanyamaza vipi? Kila mwaka nilitangaza jogoo, kila mwaka nikarudi naye, mwisho akazeeka nikamla mwenyewe.

Halafu ukaanza kuvimba miguu. Tukakupeleka hospitali, tukakurudisha. Mengine unayajua, uliyapitia wewe.

Mwaka huu nilikwenda kwenye ukaguzi peke yangu. Niliifunga kwa kanga, kwa sababu blanketi lile tulikuzika nalo. Nikaipakia kwenye bodaboda, na ile njia yetu unaijua ilivyo na makorongo. Chuma cha kubebea mzigo kilikuwa kinasugua mbao safari nzima, na mimi nimekaa pale pale juu namsimulia dereva sifa zako. Nilipofungua kanga nikaona mkwaruzo mweupe, umeanzia karibu na kifyatulio ukashuka mpaka nyuma. Nililia mbele ya askari. Nadhani walifikiri nina mambo mengine, na kweli ninayo.

Nikaenda kwenye karakana yako. Sikubeba bunduki nzima. Nilifungua kitako tu, vyuma nikavifungia nyumbani, kama ulivyonifundisha. Mwenzako Sayi bado yupo, amebaki na meza zenu zote mbili. Akanikaribisha vizuri, akaitazama mbao, akasema, "Mama, hii ndogo. Nipige msasa kote, nipake vanishi, utaichukua mpya."

Nikafurahi. Unanijua napenda kitu king'ae. Nikakaa kwenye kigoda, Sayi akachukua msasa. Ndipo nikamwambia, "Subiri kwanza nikuonyeshe kazi ya mwenzako, usije ukaiparua."

Nikaweka kidole. Hakuna. Nikasogeza, hakuna. Sayi akakitoa kitako nje kwenye mwanga, akakiinamia mpaka pua ikagusa mbao. "Mama, una hakika kilikuwa upande huu?"

Nilikuwa na hakika, Maduhu. Nikafumba macho, nikapapasa upande huu, nikapapasa upande wa pili, mpaka Sayi akaacha kuniuliza. Miaka yote ile nimewatambia watu kwamba hakionekani, na mimi mwenyewe nilikuwa sikijui. Siku ile ni wewe uliyekuwa umenishika kidole. Mkono wako ndio uliopajua.

Nikamwambia, "Weka chini msasa, baba."

"Lakini mama, mkwaruzo utaonekana. Watu watasema fundi hakuna."

"Waseme."

"Basi nipige hapa tu, penye mkwaruzo. Kwingine sigusi."

"Na kama ni hapo?"

Sayi akauweka msasa mezani. Alikifunga kitako kwenye kanga, akanisindikiza mpaka barabarani. Alipoagana nami nikaona naye anafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, nikamwambia aache, atajiumiza.

Nina hasira na wewe kidogo, mwanangu. Fundi gani anafanya kazi hata alama haachi? Wenzako wa ovyo wameacha milango inayogoma na vitanda vinavyolia kila usiku, na mama zao wakisikia tu wanajua, hii ya mwanangu. Mimi naingia nyumba za watu natazama kabati zako, zimetulia kama ziliota zenyewe.

Mkwaruzo nimeuacha. Jioni nikimaliza kazi nafungua kabati, nakitoa kitako, namimina mafuta kidogo kiganjani kama ulivyokuwa unafanya. Zamani nilikuwa napaka haraka haraka ili ing'ae. Siku hizi napaka taratibu, sehemu kwa sehemu, juu na chini na pembeni, narudia, nisije nikakuruka.

Lala, ng'wanone.

Mimi mayu wako.