Mgonjwa Anayewafundisha Wageni "Get"

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi maana sina muda wa kungoja zamu, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, moyo wangu umechoka na daktari ameniambia wazi kwamba siku zimebaki chache, basi watu wanakuja kunijulia hali, na kila anayeketi namwuliza maana za "get", kwa sababu wengi wanadhani ni kupata tu, kumbe ni kufika, ni kuelewa, ni kulowa, ni kuzeeka, ni kushuka garini, na nisiporidhika na jibu chai haimiminwi, mke wangu Bertha ananiambia, "Baba Luka, waache watu wanywe chai!", wageni wamepungua, na juzi rafiki yangu Sleyum, niliyesoma naye chuo cha ualimu, alikuja kutoka Pangani na halua, akauliza, "Hali yako, ndugu yangu?" nikamjibu, "Nitungie kwanza sentensi ya 'get' ya kuzeeka," akaiweka halua mezani akasema, "Mwalimu, nimekuja kumwona mgonjwa, sikuja kufanya mtihani. Siku ukitaka mgeni, niite," akaondoka, sasa nikimpigia simu hapokei, na halua yake sijaigusa, na nikiri jambo ambalo hata Bertha halijui, sifundishi kwa kupenda, ila mtu akiniuliza hali huku machozi yanamlengalenga naogopa, na anayetafuta sentensi halii. Nifanyeje Sleyum arudi?

Mwalimu Zabron, Tongoni

JIBU

Shikamoo, Mwalimu, na pole kwa maradhi. Nimekwisha kukuamkia, sasa nikuseme.

Mzee mwenzako anapanda gari kutoka Pangani na magoti ya uzee, unamnyima hata nafasi ya kukupa pole! Kitenzi kimoja umekichambua mpaka mifupa, lakini "hali yako?" swali ambalo mtoto wa chekechea analijibu, wewe unalikimbia. Kuogopa si aibu. Aibu ni Bertha kusimama na birika akingoja umalize kusahihisha wageni.

Usimpigie tena Sleyum. Mwambie Bertha ampigie, aseme unaomba radhi na halua inamngoja mwenyewe. Akija, chai imiminwe kwanza. Atakuuliza hali. Usijibu "namshukuru Mungu" kisha ukamrukia na sarufi. Sema, "Naogopa, Sleyum." Akilia, mwache alie, nawe lia.

Weka gazeti hili chini, baba. Mwite Bertha.