Usukani Unabaki Kulia

Horsham, 2 Machi 2023

Dada Noeleen,

Habari za huko Andamooka, chini ya ardhi unakochimba mawe yako ya thamani? Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto, na nywele ambazo zimeniaga bila ugomvi. Mama hajambo. Ametimiza themanini na bado anaifokea redio timu yake ikifungwa.

Nimekupigia simu tangu tulipomzika Baba, miaka mitatu sasa, na hupokei. Basi naandika. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichoma, lakini utaisoma kwanza, maana umbea tumeurithi sote wawili.

Nina shida, nayo ni Corvette ya Baba, gari lake la Kimarekani. Zile heda mlizotengeneza wewe na yeye mwaka themanini na sita, mabomba manne kila upande ya kupokea moshi wa injini, zimeoza. Kutu imekula mpaka gari linakohoa kama mjomba Stan. Nikaagiza mpya kutoka Marekani, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Ya kushoto iliingia kama mkono kwenye shati. Ya kulia ikakutana na mtaimbo wa usukani uso kwa uso, na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake.

Nikachukua nyundo. Usicheke. Nilibonyeza bomba mpaka likapita, nikaenda kwa mkaguzi. Alifungua boneti, akanitazama kwa huruma ya daktari, akanibandikia kile kibandiko cha njano cha gari bovu kwenye kioo. Usajili unaisha tarehe thelathini na moja Oktoba. Gari lisipopita kabla ya hapo, nafungua namba nakabidhi.

Rodney Pascall, mwenyekiti wa klabu yetu ya magari ya zamani, ana dawa yake. "Errol, ndugu yangu, sheria imelegea. Gari la umri huo linaruhusiwa usukani wa kushoto. Lirudishe lilivyozaliwa, na heda yoyote ya Marekani itaingia. Au niuzie mimi nilirudishe."

Wewe unajua kwa nini siwezi. Baba aliuhamisha usukani ule kutoka kushoto kwenda kulia kwa mikono yake, na kushoto ni kiti cha Mama. Kila Jumapili ya kwanza ya Novemba alimpeleka milimani Halls Gap kula mkate na nyama baridi, yeye kulia, Mama kushoto na chupa ya chai mapajani. Tangu Baba afe nampeleka mimi. Mwaka huu atakwenda na nini?

Nichague heda gani, Dada?

Mdogo wako,
Errol

*

Andamooka, 9 Aprili 2023

Errol,

Nimeipata barua. Mimi sijambo. Msalimie Mama, mwambie kikohozi kimeisha.

Gari ulipewa wewe. Wosia ulisomwa mbele ya watu asubuhi ya mazishi: "Kwa mwanangu Errol." Mwenye gari ndiye achague heda. Au muulize Pascall, si ndiye mwenyekiti.

Sina zaidi.

Dada yako,
Noeleen

Ila na wewe! Heda za Marekani? Hujui kwamba stata ya injini ile iko upande wa kulia? Wao upande ule una stata peke yake. Sisi tuna stata na usukani, vyote vimebanana hapo kama kondoo mlangoni. Na bomba halipigwi nyundo. Unalibana koo halafu unashangaa injini haipumui. Mjinga wewe.

*

Horsham, 20 Aprili 2023

Dada mpendwa,

Hamjambo huko? Sisi tunaendelea vizuri. Goti linakusalimu.

Nimefurahi mno kuitwa mjinga. Nilimsomea Mama mstari ule mara mbili, akasema, "Huyo ndiye Noeleen wangu, amepona."

Basi nimesoma, usidhani nimekaa. Kumbe heda zina koo kama watu. Kuna ndefu, mabomba yanashuka mpaka chini ya sakafu ndipo yanaungana; hizo ndizo zinaipa injini pumzi, na ndizo zinazogombana na usukani. Kuna fupi, zinazoikumbatia injini kama mtoto anayeogopa kuogeshwa. Na kuna za kutengenezewa na fundi, lakini fundi niliyemjua amekufa, na mwingine hapokei simu.

Nimechagua fupi. Fundi wa mtaa wa nyuma amenifungia, zimepita! Kati ya bomba na mtaimbo wa usukani kuna milimita nane, nimepima kwa fimbo ya kukorogea rangi. Zinatosha?

Jumamosi klabu ilichoma soseji pale uwanjani. Pascall akaja na sahani yake, sauti juu ili wote wasikie.

"Errol, bado unaendesha lile kosa la baba yako?"

"Bado, mwenyekiti."

"Likirudi kushoto thamani yake ni mara mbili."

"Wewe nawe ukirudi nyumbani thamani ya mkutano ni mara mbili."

Watu walicheka, mimi nikadondosha soseji kwenye kiatu changu. Ushujaa wangu hauendi mbali, lakini ulikuwepo.

Mdogo wako mjinga,
Errol

*

Andamooka, 14 Mei 2023

Errol,

Salamu kwenu. Hapa ni vumbi tu.

Milimita nane ulizipima injini ikiwa imelala, sivyo? Nilijua. Injini imekaa juu ya raba. Ukikanyaga mafuta inajipindua: bega la kushoto linapanda, la kulia linashuka. Kwa Wamarekani usukani uko kushoto, kwa hiyo injini inaukimbia. Kwetu uko kulia. Injini inaukalia. Ndiyo maana ushauri wao wote hautufai, hata wa yule mwenye akili zaidi kati yao. Kosa hili wanalifanya watu wa magari yaliyohamishwa usukani peke yao, na Baba alilifanya kabla yako. Heda za kwanza tulizikata tukazitupa.

Fanya hivi. Weka bonge la unga uliokandwa kati ya bomba na mtaimbo. Zuia magurudumu kwa magogo. Mtu akanyage breki kwa nguvu, aingize gia, aguse mafuta mara moja, azime. Utoe unga uupime. USILITOE BARABARANI. Bomba likigusa usukani kwenye kona, usukani unakataa kurudi. Umesikia?

Na kwa kuwa umeniuliza mambo ya gari, nikwambie. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wikiendi kumi na moja nilimshikia Baba taa chini ya gari lile, cheche za kuchomelea zikinidondokea shingoni, alama ninazo. Wewe ulikuwa mtoni unavua samaki. Halafu "kwa mwanangu Errol." Sikuwa na haja na gari. Nilitaka jina langu litajwe.

Usijibu hilo.

Dada yako,
Noeleen

*

Horsham, 2 Juni 2023

Dada,

Nakutakia afya na vumbi kidogo. Sisi wazima.

Nimeyatii maagizo yako yote isipokuwa la mwisho.

Unga aliukanda Mama, ule wa skoni, vile vikate vyake vya chai. Akakataa mtu mwingine asikanyage. "Nimekaa kushoto miaka thelathini na saba, leo nataka kujua kulia kunaonekanaje." Dada, Mama alikanyaga kana kwamba ameona nyoka. Gari lilitikisika, kuku wa jirani wakaruka uzio. Tulipoutoa unga, palipokuwa na milimita nane palibaki utando mwembamba unaopitisha jua. Mama akautazama, akasema, "Skoni hii haiumuki tena." Heda fupi nimezifungua siku hiyohiyo. Sasa zinashikilia mlango wa kibanda usipigwe na upepo.

Kuhusu wosia, nilimuuliza Mama pale pale, mikono yake ikiwa na unga. Nakuandikia alivyosema, sijaongeza neno.

"Baba yenu aliniambia: nikimpa Noeleen, gari litakwenda Andamooka, litatengenezwa barabara, na mtoto hatumwoni tena. Nikimpa Errol, ataliharibu. Likiharibika, dada yake hatavumilia. Atakuja."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema Baba alimwapisha, halafu akafa mapema kuliko alivyopanga, na wewe uliondoka makaburini kabla ya chai.

Kwa hiyo mimi niliaminiwa kuharibu. Nimejitahidi.

Mdogo wako,
Errol

*

Horsham, 30 Agosti 2023

Dada Noeleen,

Miezi mitatu kimya. Natumai ni kimya cha kuchimba, si cha hasira. Mama anauliza, mimi namwambia posta wamelala.

Jana Pascall alikuja na trela. Sikumwita. Alisikia gari halina heda, limesimama kibandani, akaona matunda yameiva. Nilipotoka nikamkuta anafunga kamba kwenye ekseli ya mbele. Mama naye amekwisha kaa kwenye kiti chake cha kushoto, mkanda amefunga, mkoba mapajani.

"Bi mkubwa, shuka tuzungumze."

"Tunazungumza. Mimi nimekaa, wewe umesimama."

"Gari limekufa, mama. Mimi nitalifufua, usukani mahali pake."

"Usukani uko mahali pake. Wewe ndiye uko mahali pasipo pako. Fungua kamba yako kabla sijapiga honi."

"Mama, niwie radhi, honi haina umeme," nikasema mimi.

"Basi nitapiga kelele mwenyewe. Errol! Mletee mwenyekiti chai, anaondoka."

Mama alikaa humo saa mbili nzima. Pascall alikunywa chai amesimama, akafungua kamba, akaondoka na trela tupu ikipiga kelele barabara nzima.

Sikiliza, Dada. Siku zimebaki sitini na mbili. Usipojibu sitakulaumu. Namba za gari nitazikabidhi, kuku watataga kwenye viti, lakini usukani unabaki kulia. Hilo nimeliapia, na unajua mimi siapi. Hata kanisani nilinong'ona tu.

Mdogo wako,
Errol

*

Andamooka, 12 Septemba 2023

Mdogo wangu Errol,

Shikamoo zangu mpe Mama, na umwambie nimecheka mpaka mbwa akatoka nje.

Nilikuwa na barua yako ya Juni mfukoni muda wote. Nimeiandikia majibu mara nne. Hili la tano nalituma.

Mimi ni mwizi. Siku ya mazishi, wakati nyinyi bado mko makaburini, mimi nilipita kibandani. Baba alikuwa na nyaya nne za uzio, amezikunja kila moja ifuate njia ya bomba lake, kutoka kwenye injini, kuzunguka stata, kupita chini ya usukani mpaka sakafuni. Ndiyo ramani ya heda ya kulia. Hakuna nyingine duniani. Nilizifunga kwenye gunia la sufu nikaondoka nazo kabla ya chai. Niliwaza: gari kaliacha kwa Errol, basi Errol na alifunge kwa jina lake. Miaka mitatu zimekaa chini ya kitanda changu. Ulipouliza "nichague heda gani," jibu lilikuwa linanichoma mgongo.

Jibu ni heda ndefu. Chuma cha kawaida, si kile kinachong'aa, maana kinavumilia mtikisiko. Uso wa kufungia kwenye injini uwe mnene wa milimita kumi. Bomba la tatu lipite chini ya mtaimbo, si pembeni yake. Nafasi milimita ishirini na tano, nazo zipimwe kwa unga wa Mama.

Nakuja tarehe tatu Oktoba na mashine yangu ya kuchomelea. Toa gurudumu la mbele la kulia. Fukuza kuku. Nunua mguu wa kondoo. Pascall nisimwone.

Na utashika taa. Usinidanganye na goti.

Dada yako,
Noeleen

*

Horsham, 6 Novemba 2023

Dada mpendwa,

Umefika salama? Mbwa alikukumbuka? Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Mama ameanza kuifokea redio peke yake, mimi sijui kumjibu kama wewe.

Ulitaka habari za mkaguzi, kwa kuwa ulikimbia kabla ya siku yake. Umesema ulikuwa na kazi. Mimi nasema uliogopa, nami nimekusamehe.

Ni yule yule wa Machi. Aliniamuru nikanyage mafuta, akatazama bega la injini likishuka, akaingiza kidole chake kati ya bomba na mtaimbo, kikapita na pete yake ya ndoa. Akauliza, "Nani katengeneza hii?" Nikamwambia, "Dada yangu." Akaingia chini na kurunzi, akapapasa bomba moja moja mpaka nikaanza kutafuta namba ya kinyozi wangu, maana nikiogopa nawaza mambo ya ajabu. Kisha akacheka huko chini.

"Bwana Errol, jina lako ni lipi kwenye bomba hili?"

Sikuelewa. Akanivuta nilale pembeni yake, goti likalalamika, akamulika ule uso mnene wa chuma. Nikaona ulichogonga kwa patasi, herufi moja moja, wakati uliponituma ndani nikakuletee chai. Juu, herufi za jina la Baba: C.T., WAYA. Katikati: N.T., MOTO. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: E., ALISHIKA TAA.

Mkaguzi alibandua kibandiko cha njano akanipa mkononi. Nimekiambatisha humu.

Jana ilikuwa Jumapili ya kwanza. Tulipita mbele ya nyumba ya Pascall, ingawa si njia ya kwenda Halls Gap. Mama ndiye aliyeamuru, mkono wake nje ya dirisha la kushoto kama malkia. Mwenyekiti alikuwa anamwagilia maua. Nikakanyaga mafuta. Mlio ule ule, Dada, wa mwaka themanini na sita. Akauacha mpira wa maji ukimmwagikia viatuni, akapaza sauti, "Nani fundi wako, nami nimwone?"

Mama akamjibu kabla yangu. "Mwandikie barua! Simu hapokei!"

Mdogo wako, mshika taa,
Errol